Kufuga Nge Nyumbani

Nge ni mdudu ajulikanaye na kila mtu, na apendwaye na watu wachache mno. Akionekana jikoni au chini ya mkeka, hakuna aulizaye ni nge wa namna gani wala ametoka wapi. Kila mtu hutafuta kiatu. Kwa hiyo nilipowaambia wenzangu wa bweni kwamba wako watu wafugao nge nyumbani mwao, wakawalisha na kuwatengenezea makao, na tena wakahuzunika wafapo, wengi walicheka, na mmoja alisema kuwa watu hao yafaa wapimwe akili. Nilipoongeza kwamba mimi mwenyewe nilifuga nge kwetu Handeni muda wa mwaka mzima, kicheko kilikwisha, yakaanza maswali. Maswali hayo yamekuwa mengi hata Mhariri wetu ameona heri niyajibu yote mara moja katika gazeti hili, nami nipate kulala usiku.

Nimemwita mdudu kwa kufuata desturi ya lugha yetu, lakini katika Baiolojia nge hahesabiwi pamoja na wadudu. Wadudu halisi, kama nzi, panzi na mende, wana miguu sita. Nge ana miguu minane, na jamaa zake ni buibui, kupe na utitiri. Mkia wake una pingili tano, na mwisho wa pingili hizo pana kifuko cha sumu chenye mwiba uliopinda. Macho anayo, mawili juu ya mgongo na mengine madogo pembeni, walakini hayamfai sana. Hutegemea zaidi vinyweleo vyake na miguu yake, ambayo kwayo husikia mtikisiko wa ardhi hata mende apitapo mbali kidogo. Chini ya tumbo ana viungo viwili mfano wa vitana vya nywele, na kwa vitana hivyo hupapasa njia na kutambua harufu. Hakuna mnyama mwingine duniani mwenye vitana kama hivyo. Wataalamu wameona mabaki ya nge yaliyogeuka kuwa mawe, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 430. Wakati huo hapakuwa na ndege, wala nyoka, wala mtu wa kuwapiga kwa kiatu.

Namna za nge zilizokwisha kuandikwa na wataalamu zapita 2,500, na katika hizo zote, zile ambazo sumu yake yaweza kumwua mtu ni makumi machache tu. Hapo ndipo ilipo siri ya watu wafugao nge. Hawafugi nge yeyote waliyemwona. Huchagua nge wakubwa, wazito, wenye magando manene, ambao hutegemea nguvu ya magando kuliko sumu. Ajulikanaye zaidi ni nge mkubwa mweusi wa Afrika ya Magharibi, atokaye nchi kama Ghana, Togo na Benin, ambaye huweza kufika urefu wa sentimita 20 tangu magando hata mkia. Watu wa Ulaya na Marekani humwita nge mfalme, na ndiye aonekanaye mara nyingi katika filamu, kwa sababu anatisha kwa umbo lakini sumu yake si kali.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui ni kwamba sisi pia tunaye jamaa yake. Katika nchi yetu yuko nge mkubwa mweusi mwenye magando yenye wekundu, mfupi kidogo kuliko yule wa Ghana, naye hukaa mashimoni. Wafugaji wa ng'ambo wanamjua sana, tena humwita kwa jina la nchi yetu, nge wa Tanzania mwenye magando mekundu. Mtu wa Ujerumani au Marekani aweza kukueleza anakula nini na anazaa lini, na mtu wa Handeni aliyezaliwa karibu na shimo lake asijue lolote ila kwamba anauma. Mimi jambo hili liliniudhi, na ndilo lililonifanya nianze.

Nilimpata mwezi wa Desemba, nilipokuwa nimemaliza kidato cha pili, tukilima shamba la mihogo. Babu ndiye aliyenionyesha shimo. Mlango wa shimo la nge si duara kama wa panya. Umebonyea, upande wa chini umelala na upande wa juu umepinda, kama mwezi mchanga ulioangushwa kifudifudi. Babu alisema, "Mjukuu wangu, huyo ukimwacha, hana ugomvi na mtu. Akikuuma ni kwamba umeingia kwake bila hodi." Nilimwomba ruhusa ya kumchukua. Hakukataa wala hakukubali, akanituma kwa mama.

Mama alikataa siku tatu. Siku ya nne alikubali kwa masharti, nami nayaandika hapa kwa kuwa baadaye nilisoma habari za wafugaji wa ng'ambo, nikaona ya mama hayakupungukiwa na kitu. Sharti la kwanza, nge asikae ndani ya nyumba ya kulala, akae ghalani, na ghala lifungwe kwa kufuli. La pili, mtu asimguse kwa mkono hata akiwa amelala. La tatu, mtoto mdogo akija kukaa kwetu, nge aondoke siku ile ile. Mwisho akaniambia, "Na akitoka humo mara moja tu, mwanangu, hiyo ndiyo siku yake ya mwisho, na wewe utalala huko huko ghalani." Nilimwitikia, "Ndiyo mama," nikaenda kutafuta chombo.

Chombo kizuri kwa kazi hii ni sanduku la plastiki la kuwekea nguo, lile lenye mfuniko wa kubana kwa vibanio. Nge hawezi kupanda ukuta laini wa plastiki au wa kioo. Lakini sanduku la kioo lililounganishwa kwa gundi lina hatari yake, maana pembeni, penye gundi, kucha zake zaweza kushika, naye akapanda hata juu. Mfuniko nilitoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto, madogo kuliko ncha ya penseli. Ndani niliweka udongo wa pale pale nilipomtoa, kiasi cha sentimita 15, nikauchanganya na makumbi ya nazi yaliyosagika. Udongo huo ushindiliwe kidogo, kwa sababu nge huyu ni mchimbaji, na mchanga mtupu humporomokea. Juu yake nililaza kigae cha mtungi uliovunjika ili apate kivuli mpaka amalize shimo lake. Alilimaliza kwa usiku mmoja, na kile kigae hakukitumia tena.

Nilicheka niliposoma kwamba wafugaji wa Ulaya hununua makumbi ya nazi madukani, yamekaushwa na kushindiliwa kama matofali. Sisi tunayatupa jalalani. Tena wao hulazimika kuwasha umeme usiku na mchana ili nge wao asipate baridi, kwa kuwa nge wa namna hii hupenda joto la kati ya nyuzi 25 na 30. Handeni joto hilo ni la bure. Kitu kilichonipa taabu ni unyevu, hasa wakati wa kiangazi. Nge huyu si wa jangwani. Udongo ukikauka kabisa hudhoofika. Dawa yake ni kumwaga maji kidogo katika pembe moja ya sanduku, si pote, ili achague mwenyewe akae penye unyevu au penye ukavu. Maji ya kunywa nilimwekea katika kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka, nikatia vijiwe ndani yake.

Adui mkubwa wa nge aliyefungwa si paka wala kuku, bali ni sisimizi. Wakiingia sandukuni yeye hana pa kukimbilia, na wao ni elfu. Nilifanya kama watu wafanyavyo kwa kabati la chakula, nikaliweka sanduku juu ya meza na kila mguu wa meza nikausimamisha ndani ya kopo la maji. Kwa sababu hiyo pia mabaki ya chakula yaondolewe kila asubuhi.

Chakula chake ni panzi, nyenje, mende, na kumbikumbi wakati wa mvua. Mnyama mmoja wa kiasi cha nusu ya kidole kwa juma moja yatosha, na nge aliyeshiba vizuri aweza kukaa mwezi mzima bila kula asipate dhara. Mwili wake hutumia nguvu kidogo sana, kwa sababu muda mwingi hakai ila ametulia. Wenzangu wameniuliza mara nyingi niliwezaje kufuga mnyama nami niko bwenini miezi kwa miezi. Jibu ndilo hilo. Mbwa asingengoja. Mdogo wangu wa darasa la sita alimtupia panzi mmoja kila Jumapili baada ya kufua, akatia maji, akafunga vibanio, basi. Alikuwa akiandika katika daftari tarehe na kilichotupwa, na daftari hilo ninalo mpaka leo. Katika mwezi wa Machi ameandika mara tatu mfululizo: "Hakula. Anakaa tu."

Onyo moja nalitia mkazo. Usimlishe mende aliyetoka katika nyumba iliyopulizwa dawa ya wadudu. Dawa ile ile iliyomlevya mende itamwua nge, hata kama mende bado anatembea.

Namna yake ya kula ni ya ajabu. Hatafuni akameza kama sisi. Humshika mawindo kwa magando, na huyu wetu mwenye magando manene mara nyingi hamchomi kabisa, humponda tu. Kisha huyasaga kwa vijino viwili vilivyo mbele ya mdomo huku akitia juu yake maji ya tumboni, yale yanayoyeyusha chakula, halafu hufyonza uji uliopatikana. Yaani chakula humeng'enywa nje ya mwili kabla ya kuingia. Panzi mmoja humchukua saa kadhaa, na kinachobaki ni kidonge kidogo cha makapi. Mwalimu anapofundisha umeng'enyaji wa chakula, mimi hukumbuka kidonge kile kuliko mchoro ulio kitabuni.

Sasa nije kwa jambo ambalo watu huwa hawaliamini mpaka waone. Katika maduka mengi iko taa ndogo ya kukagulia noti za bandia, itoayo mwanga wa rangi ya zambarau. Pamoja na ule uonekanao, taa hiyo hutoa na mwanga mwingine ulio ng'ambo ya zambarau, ambao macho yetu hayauoni. Ukimulika nge kwa taa hiyo gizani, mwili wake wote hung'aa rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, kama saa ya mkononi yenye namba za kung'aa. Ni vitu vilivyomo katika gamba lake vinavyoupokea mwanga tusiouona na kuurudisha kama mwanga tuuonao. Nge aliyejivua gamba sasa hivi hang'ai, mpaka gamba jipya likauke na kuwa gumu. Kwa nini Mungu alimpa nge mng'ao huu, wataalamu hawajapatana. Wengine hudhani humsaidia kujua kama yuko kivulini au pa wazi. Lakini faida yake kwetu ni dhahiri. Wanaochunguza nge hutoka usiku na taa hizo, wakawaona katika usiku mmoja wengi kuliko ambao mtu angewaona kwa mwezi akifunua mawe mchana. Na mtu akaaye mahali penye nge wengi aweza kumulika chumba na viatu kabla ya kulala.

Katika likizo ya Juni, nge wangu alizaa. Nilikuwa nimeona tumbo limetanuka pande zote mbili hata ngozi nyeupe iliyo kati ya magamba imeonekana, nikadhani ni shibe. Bibi alikuja kumtazama, akasema ana mimba, na kwamba watoto wake watampasua mgongo watoke, kisha watamla. Hivi ndivyo wazee wengi wasemavyo, na ninadhani najua habari hiyo imetoka wapi. Nge hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, mmoja mmoja. Mara wazaliwapo hupanda mgongoni mwa mama, nao ni weupe, laini, kama punje za mchele zenye miguu. Mtu akiona mgongo wa nge umejaa vitu vyeupe vinavyotambaa, na baadaye akimwona nge aliyekufa karibu na watoto, atasema wamemla. Kumbe wakiwa juu ya mgongo hawali chochote. Wanaishi kwa akiba waliyozaliwa nayo mpaka wajivue gamba la kwanza, ndipo huanza kuwa weusi na kushuka. Nilihesabu watoto 14. Mama yao katika siku hizo alikuwa mkali kuliko nilivyomwona wakati mwingine wowote. Nikitia maji tu, aliinua mkia.

Mimba ya nge ni ndefu. Kwa nge hawa wakubwa ni miezi saba au zaidi, na huenda ikafika mwaka. Kabla ya hapo dume na jike hushikana magando na kwenda mbele na nyuma kama watu wachezao dansi, mpaka dume apate mahali pa kuweka mbegu yake juu ya ardhi na kumvuta jike juu yake. Dansi hiyo sikuiona, maana wangu alikuja kwangu amekwisha kuicheza.

Baada ya kuzaliwa, mtoto huchukua miaka kadhaa kufikia utu uzima. Naomba msomaji aliweke jambo hilo moyoni, kwa sababu linahusu biashara. Tangu mwaka 1995 nge mfalme wa Afrika ya Magharibi amewekwa katika orodha ya pili ya mkataba wa mataifa uitwao CITES, ambao huangalia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na tangu hapo hasafirishwi toka nchi hata nchi ila kwa hati. Sababu ni kwamba walikuwa wakichimbwa kwa maelfu na kupelekwa ng'ambo kuuzwa kama wanyama wa kufugwa. Mnyama azaaye mara chache, na ambaye watoto wake hukawia kukua, akichimbwa kwa haraka hivyo hawezi kujijazia pengo. Hapa kwetu Serikali ilipiga marufuku mwaka 2016 kupeleka nje wanyama hai wa porini. Na mtu atakaye kukamata wanyama wa porini ili awauze, sheria ya mwaka 2009 inamtaka awe na kibali. Kwa hiyo mtu asisome makala hii akachukua jembe kwenda kutafuta fedha.

Nasema hivyo kwa sababu uvumi upo. Katika simu hupita habari kwamba sumu ya nge ni ghali kuliko dhahabu, na kwamba nge wa uzito fulani ana mnunuzi wake mjini. Kijana mmoja wa jirani zetu aliacha kibarua chake akachimba nge majuma mawili, akawa nao 23 ndani ya ndoo, akampelekea mtu nauli ili aje kuwanunua. Mtu huyo hakuonekana, na simu yake haikupatikana tena. Nge wengi walikufa kwa kushambuliana, na mmoja alimchoma kijana mwenyewe kidoleni. Habari ile ya bei ina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo sababu inaaminika. Ni kweli kwamba maabara hununua sumu ya nge wa namna fulani kwa bei kubwa. Katika sumu ya nge wa manjano wa Arabuni na Afrika ya Kaskazini imeonekana protini ishikayo seli za uvimbe wa ubongo, na wataalamu wameichunguza ili iwasaidie madaktari kuona uvimbe ulipoishia. Lakini hiyo ni sumu ya nge anayejulikana jina lake na asili yake, iliyokamuliwa na kukaushwa kwa utaratibu, tena hununuliwa kwa miligramu. Hebu tupige hesabu. Ukimkamua nge mmoja na kukausha sumu yake ukapata miligramu moja, nalo ni jambo la bahati, utahitaji kukamua mara 1,000 upate gramu moja. Wala maabara haitapokea gramu hiyo kwa mtu asiyejulikana, imo ndani ya chupa ya soda.

Swali lililoulizwa na wazazi wawili siku ya mkutano wao ni hili: je, si hatari? Ni hatari, kwa kadiri mtu asivyojua anamshika nge gani. Kanuni wanayoifuata wafugaji ni kutazama magando na mkia. Mwenye magando manene na mkia mwembamba, aghalabu sumu yake si kali. Mwenye magando membamba kama koleo dogo na mkia mnene, umwogope. Kanuni hii si sheria ya kuitegemea katika kila nge, lakini yafaa kujulikana. Wale wadogo, wa rangi ya manjano au kahawia, waingiao nyumbani na kujificha katika viatu na chini ya magunia, aghalabu ni wa aina hii ya pili. Hao hawafugwi. Baadhi ya jamaa zao barani Afrika na Arabuni huua watu, na wanaokufa zaidi ni watoto, kwa sababu kiasi kile kile cha sumu kimeingia katika mwili mdogo.

Hata nge mpole asishikwe kwa mkono. Nimeona picha za watu wa ng'ambo wamempakata nge begani, na kwa maoni yangu huo ni ujinga uliovaa nguo nzuri. Nge hamjui bwana wake. Haji akiitwa, hafurahi akipapaswa, na mkono wako kwake ni ardhi yenye joto inayotikisika. Ukitaka kumhamisha, laza kopo mbele yake umsukume polepole kwa kijiti kirefu. Nge mmoja akae katika sanduku moja. Wawili huenda wakapatana mwaka mzima, na usiku mmoja ukakuta yuko mmoja tu, naye ameshiba.

Mtu akichomwa, aoshe mahali pale kwa maji na sabuni, aweke kitambaa kilicholowa maji baridi, avue pete kama amechomwa mkononi, atulie. Asichanjwe wembe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kubana. Maumivu na uvimbe mdogo huja karibu kila mara, na mara nyingi hupita. Lakini aliyechomwa akiwa ni mtoto, au mtu yeyote akianza kutoka jasho jingi na mate, au viungo vikamtetema, au macho yakamzunguka, au pumzi ikawa nzito, apelekwe hospitali pasipo kungoja mganga wala asubuhi. Ikiwezekana mtu apige picha ya nge kwa simu, ili daktari aone. Kumtafuta nge gizani kwa mikono ili apelekwe hospitali ni kutafuta mgonjwa wa pili.

Wako pia walioniuliza kama ni kweli nge akizungukwa na moto hujichoma mwenyewe afe. Si kweli. Joto humkunjakunja mwili na kumfanya atupe mkia huku na huku, na atazamaye hudhani anajichoma. Sumu yake mwenyewe haimdhuru kwa urahisi.

Mimi sasa sina nge. Desemba iliyopita dada yangu alirudi nyumbani na mtoto wa miezi minane, aliyekuwa ameanza kutambaa na kutia kila kitu kinywani. Mama hakusema neno. Alinitazama tu, akatazama ghala. Kesho yake mapema tulilibeba sanduku, mimi na mdogo wangu, mpaka shamba la mihogo. Watoto wa nge walikuwa wamebaki 11, kila mmoja urefu wa kifundo cha kidole. Shimo la zamani lilikuwa limefukiwa na mvua, basi tulichimba mashimo mafupi chini ya kichuguu kilicho karibu, tukamtia mama katika moja, na watoto tukawatawanya. Mdogo wangu aliandika katika daftari tarehe na saa, na chini yake akaandika, "Wameingia wote, isipokuwa mmoja aliyekaa mlangoni." Sanduku tulilisafisha, na hivi sasa linatumika kwa nguo za yule mtoto.